Fundi kakimbia na nyumba iko nusu nusu: jinsi ya kudili naye hatua kwa hatua

Kama unasoma hii ukiwa umezungukwa na vumbi, bafu limebomolewa, na fundi hapokei simu tangu juzi, pole sana, najua kabisa ulipo maana nimepita hapo. Mi kwangu ilikuwa bafu. Fundi alikuja siku nne mfululizo, akabomoa kila kitu kwa kasi mpaka nikafurahi, siku ya tano akaja kijana wake peke yake, siku ya sita hakuna mtu. Nilichokikuta ni ndoo ya simenti imegandia na mwiko mbovu ukiwa humo humo ndani. Grinda, pimamaji na ngazi vyote vilikuwa vimeshaondoka kimoja kimoja bila mimi kustuka. Hiyo ishara naomba uishike: fundi akianza kubeba vifaa vyake vizuri na kukuachia mabovu, jua tayari ana saiti nyingine.

Kosa langu lilikuwa kumpa asilimia 70 ya hela mwanzoni. Yote ntakayoandika hapa yanarudi kwenye jambo moja tu, hela isitangulie kazi, na kama ishatangulia basi kazi yako ni kujua imetangulia kwa kiasi gani halafu uidai kwa hesabu, sio kwa kelele.

Hatua ya 1: funga pochi, usigombane bado

Ukianza kuona longolongo usitoe hata senti nyingine. Najua atakwambia "boss nitumie kidogo tu ya vifaa kesho naingia saiti", na we kwa vile unataka bafu lako unaona bora utume. Usitume. Mara nyingi kinachoendelea ni hivi: hela yako ya kwanza imeenda kumalizia kazi ya mteja aliyekutangulia, na sa hivi anamsubiri mteja mpya ili apate hela ya kumalizia ya kwako. Ni mnyororo, na ukiongeza hela unaurefusha tu. Kama kweli kinakosekana kifaa, mwambie akutajie jina, saizi na idadi, ukanunue mwenyewe kikae kwako.

Na usimtukane. Hilo nasema kwa uzito, meseji moja ya matusi inakuharibia kesi yote huko mbele, maana yeye ndio ataionyesha kila mahali aonekane kaonewa.

Hatua ya 2: jua una tatizo gani hasa

Sio kila anayechelewa ni tapeli. Kuna kazi lazima zisubiri. Zege linahitaji kumwagiliwa maji angalau wiki moja na nguvu yake kamili huwa inapimwa baada ya siku 28, plasta mpya ikipakwa rangi kabla haijakauka rangi itabanduka au itatoka madoa, dawa ya kuzuia maji nayo ina masaa yake kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo fundi anayekwambia tusubiri siku kadhaa na akakueleza kwa nini, huyo anakulinda. Jiulize pia na wewe kama ulibadilisha tailizi mara tatu, au kama ulichelewesha malipo ya awamu uliyokubali, maana hayo atayasema na atakuwa na haki.

Mwenye tatizo ni yule ambaye sababu inabadilika kila siku, leo gari, kesho mgonjwa, keshokutwa kijana wake kakosea, na hakuna hata siku moja anakutajia tarehe. Wa namna nyingine ni yule anayekuja kila siku ila kazi ni mbovu. Huyo wa pili usimchukulie kama wa kwanza, maana yeye unaweza kukaa naye akarekebisha.

Wasikilize pia vijana wake. Mara nyingi kibarua atakwambia ukweli wote, kwamba hawajalipwa wiki mbili ndio maana hawaji. Ukisikia hivyo usikimbilie kuwalipa wewe moja kwa moja kwa huruma, kontrakta, yaani fundi mwenyewe uliyempa kazi, anaweza kuja kusema hukumlipa yeye, halafu ukadaiwa mara mbili. Kama mnataka iwe hivyo, yeye aandike na kusaini kwamba kiasi fulani kimelipwa kwa vijana na kinakatwa kwenye hela yake.

Hatua ya 3: kusanya ushahidi leo leo

Usisubiri mpaka mgombane. Chukua simu upige video ukitembea kuanzia mlangoni, taja tarehe kwa sauti, ingia kila chumba, sogea karibu na kila kasoro. Halafu picha tuli, weka futi pembeni ya ufa au pengo ili ukubwa uonekane. Hesabu vifaa vilivyopo: mifuko ya simenti mingapi, boksi za tailizi ngapi, mabomba mangapi, andika.

Upande wa hela, kusanya risiti zote na miamala yote, hata ile uliyomtumia ya nauli. Kama ulimpa taslimu bila risiti, mtumie meseji ya kawaida kabisa kama "fundi nathibitisha tarehe fulani nilikupa kiasi fulani kwa ajili ya mabomba", akijibu "sawa" hiyo ni risiti yako.

Mkiongea kwa simu, mkimaliza tu mwandikie mlichokubaliana: "Kama tulivyoongea, utaingia Jumatatu saa 2 asubuhi na watu wawili kumalizia plasta." Maneno ya simu anaweza kuyakana, ila meseji aliyoisoma bila kupinga ina uzito. Skrinshoti zote zitume kwenye imeili yako, simu inaweza kuibiwa au kuingia maji.

Hatua ya 4: pima kazi

Hapa ndio penyewe, na ndipo watu wengi wanaruka. Wanakwenda kugombana wakiwa na hasira tu bila namba. Chukua karatasi, igawe kazi nzima vipande na kila kipande kipe asilimia yake ya bei. Kama mlikuwa na mchanganuo wa bei tumia ule, kama hamkuwa nao muombe fundi mwingine au mkadiriaji majengo akusaidie, hata ukimlipa kidogo inalipa.

Mfano wa bafu langu ulikuwa hivi: kubomoa na kutoa kifusi 10, mabomba 20, umeme 10, plasta 15, dawa ya kuzuia maji 10, tailizi 25, kufunga sinki, choo na koki 10. Jumla 100. Sasa nikaandika kilichofanyika. Kubomoa kumeisha, 10. Mabomba nusu, 10. Umeme hakuna. Plasta theluthi, 5. Jumla 25. Na mi nilishalipa 70. Maana yake fundi alikuwa ameshika asilimia 45 ya hela ambayo haijafanyiwa kazi. Usiku ule nilipoiona hiyo namba hasira ilipungua kabisa, maana sasa nilikuwa na kitu cha kushika, sio tena "umenitapeli" bali "una asilimia 45 yangu, tunafanyaje".

Kama hela uliyompa ilikuwa na vifaa ndani yake, vile vilivyopo saiti na havijatumika mhesabie thamani yake kama kazi aliyofanya, uwe muadilifu, hesabu ya haki ndio inayosimama mbele ya mtu wa tatu.

Halafu pima ubora, maana kazi iliyofanyika vibaya sio kazi iliyofanyika:

- Tailizi: gonga kila moja kwa sarafu, taratibu, kona zote nne na katikati. Iliyoshika vizuri inatoa sauti nzito, ambayo chini kuna uwazi inalia kama debe tupu. Zitie alama kwa chaki upige picha.
- Mteremko wa sakafu ya bafu: mwaga ndoo ya maji uangalie yanakwenda wapi. Yanatakiwa yakimbilie kwenye tundu la maji yenyewe, kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Yakituama kwenye kona utatembea na kifagio maisha yako yote.
- Kuzuia maji: kabla ya tailizi kuwekwa na dawa ikiwa imeshakauka kadiri maelekezo yake yanavyosema, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli ukutani, acha masaa 24. Rudi uangalie alama, na uangalie dari na ukuta wa chumba cha chini au cha jirani.
- Mabomba: yasifunikwe kabla hayajajaribiwa kwa presha, fundi bomba ana pampu ya hiyo kazi. Kama yameshafunikwa, funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, kaa saa moja bila mtu kugusa maji, soma tena. Mita ikisogea kuna mahali panavuja.
- Plasta: kwaruza na ufunguo. Ikimomonyoka kama unga mpaka mchanga unadondoka, simenti ilibaniwa au haikumwagiliwa.
- Kuta na milango: pimamaji na timazi (uzi wenye kizito mwishoni) vinatosha kujua kama zimenyooka.

Umeme usiguse mwenyewe. Muite fundi umeme mwenye leseni akague akuandikie karatasi, waya uliounganishwa ovyo ndani ya ukuta unaua watu na kuunguza nyumba.

Hatua ya 5: kaa naye saitini

Muite aje pale pale kwenye kazi, sio mahali pengine, kuongea mbele ya ukuta wenyewe ni tofauti kabisa na kuongea kwenye simu. Uwe na shahidi mmoja mtulivu, sio kundi la ndugu wamekunja ngumi. Anza kwa kumuuliza, "fundi, nini kimekwama?" halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Wangu aliniambia ukweli baada ya dakika kumi hivi, kwamba alichukua kazi tatu kwa pamoja na hela imeishia kwenye ile ya kwanza. Haikunirudishia hela ila ilinisaidia kujua niamue nini.

Kisha mtolee hesabu yako ya asilimia, mpe na yeye nafasi ya kuipinga kipande kwa kipande, pale penye hoja mkubalie. Mkishaelewana namba kuna njia tatu. Amalizie kazi kwa ratiba mpya. Au amalizie sehemu tu ambayo imeshalipwa, nyingine uchukue mtu mwingine. Au muachane na arudishe tofauti kwa awamu. Mi binafsi kwa fundi aliyekiri na anayejua kazi huwa nasema mpe nafasi moja, lakini kwa masharti: vifaa unanunua wewe, hela inatoka kipande kikiisha na kukaguliwa, na kila siku jioni anakutumia picha. Kwa aliyekudanganya kuhusu vifaa, mfano ulimpa hela ya bomba zuri akaweka la bei rahisi, mi simpi hiyo nafasi, maana huwezi kujua ni nini kingine amekificha ndani ya ukuta.

Mtakachokubaliana kiandikwe pale pale, hata kwa mkono, tarehe, namba, majina, saini zenu na ya shahidi.

Hatua ya 6: notisi ya maandishi

Hajatokea, au katokea halafu kavunja tena makubaliano? Sasa unaandika barua. Kabla ya hapo soma mkataba wako, mikataba mingi ina kipengele cha kusitisha na siku unazotakiwa kumpa, ukiruka hapo we ndio utaonekana umevunja mkataba. Kama hakuna kipengele, siku 7 mpaka 14 ni muda wa busara. Barua iwe fupi, kavu, bila hasira, kitu kama hiki:

"Tarehe fulani tulikubaliana ufanye ukarabati wa bafu kwa bei fulani, kazi ikamilike tarehe fulani. Mpaka leo nimekulipa kiasi fulani. Kazi iliyofanyika kwa vipimo vilivyoambatanishwa ni asilimia 25. Tangu tarehe fulani hujaonekana saitini. Nakupa siku 10 kuanzia tarehe ya barua hii urudi na ukamilishe kazi kwa ratiba iliyoambatanishwa, na kurekebisha kasoro zilizoorodheshwa. Usipofanya hivyo nitasitisha mkataba, nitatafuta fundi mwingine, na nitakudai kiasi ambacho hakijafanyiwa kazi pamoja na gharama za kurekebisha."

Ipeleke kwa njia inayoacha alama: mkononi kwa kusainiwa, au rejista ya posta, na nakala kwa meseji na imeili. Usiandike vitisho ambavyo hutavitekeleza.

Hatua ya 7: kuachana vizuri

Siku zikiisha andika barua ya pili ya mistari mitatu kwamba mkataba umesitishwa kuanzia leo. Chukua funguo zako, na hata akizirudisha badilisha vitasa, huwezi kujua nakala ngapi zilichongwa.

Vifaa vyake vya kazi usivishike kama rehani. Najua inauma, unaona angalau nibaki na mashine yake, lakini sehemu nyingi hilo linaweza kukugeuka ukawa wewe ndio mtuhumiwa. Viorodheshe, vipige picha, mpe tarehe ya kuvichukua mbele ya shahidi, asaini. Nyenzo ulizolipia wewe, yaani simenti, tailizi, rangi, hizo haziondoki.

Kabla fundi mpya hajagusa chochote piga picha upya ya kila kitu, maana akishaziba ule ukuta ushahidi wako umezikwa humo. Kama kuna kinachovuja au hatari ya umeme usikiache kiendelee kuharibu ukisubiri kesi, piga picha, tengeneza, tunza risiti. Ukiacha maji yaharibu dari wiki tatu, huo uharibifu wa ziada unaweza kunyimwa fidia yake.

Chukua makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili au watatu wa kumalizia. Hayo yanakusaidia kuchagua, na pia ndio kipimo cha hasara yako. Fundi mpya karibu kila mara ataponda kazi ya mwenzake na kukwambia bomoa yote, mwambie akuonyeshe kwa macho, agonge, apime, akuelezee. Akishindwa kukuonyesha usibomoe.

Hatua ya 8: kudai

Anza chini upande juu. Kwanza mtu wa kusuluhisha anayeheshimiwa na wote wawili, kesi nyingi zinaishia hapo kwa makubaliano ya kulipana kwa awamu. Kama kontrakta amesajiliwa, peleka malalamiko kwenye bodi au chama kinachomsajili, hilo wanaliogopa kuliko kelele zako maana ndio ugali wao. Nchi nyingi pia zina utaratibu wa mahakama kwa madai madogo, ambako unaenda bila wakili, ulizia kiwango cha juu wanachopokea na muda wa mwisho wa kufungua dai. Na kama ulilipa kwa kadi, ongea na benki mapema kuhusu kurudishiwa muamala, nako kuna siku zake.

Polisi ni kwa pale ambapo kuna wizi au utapeli wa wazi, kama mtu alitumia jina la uongo au alitoweka na vifaa vyako. Kazi kuchelewa au kuwa mbovu kwa kawaida ni deni la mkataba, utazungushwa bure.

Unachodai kiwe kinaeleweka. Mfano wangu: nilimlipa 70, kumalizia kazi nzima kwa fundi mpya kulinigharimu 85 kwa sababu kulikuwa na kurekebisha mabomba, jumla 155, wakati bei ya awali ilikuwa 100. Hasara ni 55, hiyo ndio nilidai na risiti zake, sikudai 70 zote na usumbufu wa moyo. Dai safi linasikilizwa.

Kuweka picha ya fundi mtandaoni na neno tapeli nashauri acha kwanza, hata kama una haki unaweza kushtakiwa kwa kumchafua jina, na ukishamuaibisha hadharani anakosa sababu ya kukulipa.

Jambo moja watu hawalijui: kuna nchi ambazo sheria inamruhusu muuza vifaa au kibarua ambaye hakulipwa na kontrakta kuidai nyumba yenyewe. Kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho taka karatasi ya kila mmoja aliyeleta kitu au kufanya kazi kwako, kwamba ameshalipwa.

Kwa mkataba unaofuata

Fundi mpya usimtafute kwa picha za simu, picha anaweza kuchukua popote. Omba uende kwenye kazi anayoifanya sa hivi, uone saiti ilivyo, vifaa vimepangwaje, vijana wake wanamjibu vipi. Ongea na mteja wake wa mwaka jana umuulize kitu kimoja tu: kasoro ilipotokea baada ya kulipwa, alirudi?

Mkataba uandike kazi ni ipi, haihusishi nini, aina na saizi ya vifaa, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba badiliko lolote linaandikwa pamoja na bei yake kabla halijafanyika. Advansi asilimia 10 mpaka 20 inatosha kumuanzisha, zaidi ya hapo kama anataka ya vifaa nendeni dukani pamoja. Baki inalipwa kipande kwa kipande, na panga vipande vya malipo viishie kabla kitu hakijafichwa: malipo ya mabomba baada ya kujaribiwa presha na kabla ya plasta, malipo ya dawa baada ya yale masaa 24 ya maji na kabla ya tailizi.

Asilimia 5 mpaka 10 ya mwisho baki nayo kwa miezi 6 hivi, iwe imeandikwa toka mwanzo. Fundi wangu wa pili alinung'unika kidogo ila akasaini. Mwezi wa nne grauti (ile ya kuziba mapengo kati ya tailizi) karibu na koki ilianza kupasuka, nikampigia simu saa tatu asubuhi, saa nane alikuwa mlangoni na mwiko wake.